Kamba ya Msumari wa Jikoni

Srednja vas, Bohinj
Tarehe 2 Septemba

Dada yangu Polona,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko majani tuliyokata mwaka huu, na mwaka huu majani yamekubali mpaka vichanja vya kuyakaushia vimeinama. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Koper pamoja na shemeji Darijo na wapwa zangu Iva na Lenart. Mgongo wa shemeji umepata nafuu? Mwambie asiache kupaka ile dawa niliyompa Pasaka. Kuna mzee wa Gorjuše alikuwa anatembea kwa magongo mawili, nikampaka asubuhi, jioni akacheza polka na mke wa mtu. Sisi huku hatujambo. Ng'ombe wote wazima na wiki ijayo wanashuka kutoka malishoni. Mama hajambo. Narudia ili usije ukauruka mstari huu: mama hajambo, anakula, anakoroma, na Jumapili alimsema padri kwa mahubiri marefu.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu unanikatia. Mara ya mwisho ulinikatia nikikusimulia habari za dubu, ndiyo kwanza nimemshika sikio. Barua huwezi kuikatia. Hata ukiitupa utaiokota tena, nakujua.

Najua Cilka, binti wa mjomba, ameshakupigia. Najua na alichokuambia, kwa kuwa amekisema pia dukani, kanisani, na kwa daktari wa mifugo huku ng'ombe wake akidungwa sindano. Amesema kwamba mimi Gašper, mwanamume wa miaka hamsini na mitatu, nilikuahidi sitampandisha mama mlima Triglav, nikampandisha. Na kwamba tulipofika kileleni nilimchapa mama mzazi kwa kamba mbele za watu. La kwanza ni kweli, dada, na ninakuomba radhi. La pili nitalifikia mahali pake. Usirukie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya hadithi.

Mambo yalianza Julai, siku niliyompeleka mama kwa daktari wa macho. Wewe nilikuambia kwamba daktari alisema macho yamechoka. Hakusema hivyo tu. Alisema jicho la kushoto limeshazimika katikati, na la kulia linafuata. Mwakani mama ataona pembeni tu, kama mtu anayechungulia dunia kutoka nyuma ya sufuria. Mama alisikiliza, akamshukuru daktari, akamuuliza kama ana watoto. Tukarudi kwa gari mpaka tukafika pale barabara inapopanda na Triglav unatokea wote mzima mbele yako. Ulikuwa mweupe, siku ile. Unakumbuka ulivyo saa kumi jioni, Julai, mawe yakiwa yamenyonya jua la kutwa? Kama mkate uliotolewa sasa hivi kwenye tanuri. Ninyi watu wa baharini mnauona kwenye sarafu tu na kwenye bendera.

Mama akaniambia nisimamishe gari. Akageuza uso kando, maana sasa ndivyo anavyotazama, kama kuku anayeangalia punje, akautazama mlima kwa shavu. Kisha akasema anataka nimpeleke juu Agosti hii kabla jicho la pili halijazima.

Mimi nikacheka. Nikamwambia mama, wewe umekaa kule juu kuliko mawingu, unataka kuona nini tena? Majira ya joto thelathini na moja amepika katika ile Nyumba ya Juu, Polona, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kileleni. Kila aliyepanda kwa njia ya kwetu amekula supu yake ya shayiri. Na ile kamba ya kuwachapia wanaofika kileleni mara ya kwanza ilining'inia wapi, kama si kwenye msumari wa jiko lake, kando ya miiko? Wapandaji walikuwa wakiiomba asubuhi na kuirudisha mchana. Wewe mwenyewe ulichapwa kwa kamba ile ulipokuwa na miaka kumi na saba, ukashuka umejishika nyuma, na wiki nzima ukala chakula umesimama.

Mama alingoja nimalize kucheka. Akasema, "Sijawahi kufika, Gašper. Hata mara moja."

Nikazima injini. Akanieleza taratibu, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Mwaka wa kwanza hakuwa na nafasi. Wapandaji hutoka saa kumi na moja alfajiri na lazima wanywe chai, na wakirudi saa sita lazima wakute supu, na kati ya chai na supu kuna vitunguu na mikate na theluji ya kuyeyusha ili kupata maji. Mwaka wa pili alikuwa na mimba yako, wa nne na mimba yangu. Mwaka wa sita alikuja mgeni mmoja kutoka mjini akamuuliza amefika kileleni mara ngapi, na msimamizi wa nyumba akamjibu kwa niaba yake kwamba huyu Rezka hana hata hesabu. Watu wakacheka, wakamshangilia, wakamgongea glasi. Naye akanyamaza, akaendelea kukata vitunguu. Basi. Kuanzia siku ile kila mtu akajua kwamba Rezka amefika. Angeenda sasa, ingebidi achapwe kama anayefika mara ya kwanza, na bonde lote lingejua kwamba miaka yote alinyamazia uongo. Kwenda kwa siri akapanda na kushuka bila kuchapwa hakutaka. Alisema hiyo ni sawa na kula harusini bila kualikwa.

Dada, hapo mimi nilikuwa na neno la kumwambia mama. Lilifika hadi kwenye meno. Nikalimeza, nikawasha gari, nikamwambia, mama, umempata mtu wako. Mimi ambaye bonde zima linajua nimepanda mara mia na saba. Mimi niliyeshuka na mbuzi wa milimani begani akiwa amevunjika mguu, na alipopona akawa anakuja dirishani kunisalimu kila Noeli. Nikamwambia nitamfikisha hata kwa kumbeba.

Wewe ulipopiga ukaniapisha kwamba sitampeleka, mama alikuwa amesimama karibu yangu ameshika ufagio. Niliapa nikimtazama yeye, na yeye alikuwa anatikisa kichwa kwamba siapi vizuri. Kwa hiyo sijui kama kiapo kile kinahesabika.

Tulitoka tarehe kumi na tisa Agosti, Jumanne, ili tukwepe umati wa mwisho wa wiki. Nilibeba kila kitu: maji, soseji, jibini, mikanda miwili ya kujifungia kwenye nyaya, kofia ngumu mbili, na chupa ndogo ya ile pombe yetu ya peasi. Mama alibeba fimbo moja na mkoba wake wa kanisani. Nilimuuliza mkobani mna nini, akaniambia ni mambo ya wanawake.

Sasa nikueleze anavyotembea mama yetu. Ana miaka sabini na sita, na mimi nilitaka tupumzike kila nusu saa kwa ajili yake. Alikataa. Anapanda kama mtu anayekoroga uji: haharakishi, hasimami. Vijana wa Ljubljana wenye viatu vya rangi rangi walitupita wakitupungia, kisha tukawakuta wamelala kwenye nyasi wakihema, mama akawapungia yeye. Kwenye mawe aligeuza kichwa kando ili aione njia, hivyo alikuwa akipanda huku anaonekana kama mtu anayekataa kuutazama mlima usoni. Nilimwambia hivyo. Akasema yeye na mlima wamekosana miaka hamsini, hawezi kuukodolea macho siku ya kwanza.

Mchana tukafika Nyumba ya Juu. Aliingia moja kwa moja jikoni bila kubisha. Mpishi wa sasa ni kijana mwenye hereni, lakini alipotajiwa jina la mama alivua aproni kama vile askofu ameingia. Mama akaonja supu, akasema shayiri hii imelowekwa usiku mmoja tu, na tukalala hapo.

Na ndani nikamkuta nani? Urban, yule tarishi wetu wa posta, ameketi na bakuli la ugali wa ngano nyeusi na maziwa ya mgando. Wewe unamjua Urban. Amefika kileleni mara arobaini na moja za kweli, na miaka ishirini kila Jumamosi pale baa amekuwa akiniuliza maswali ya kunitega. Ule mnara mdogo wa bati ulioko kileleni, ndani una rangi gani? Mlango wake umetazama wapi? Nami nikimjibu kwamba mtu aliyefika mara mia na saba haangalii milango. Aliponiona akasema, "Lo, Gašper mwenyewe. Kesho tupande pamoja basi, utuonyeshe njia. Sisi wengine tumezoea kupotea." Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini soseji haikupita vizuri.

Asubuhi ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Tulifunga mikanda, tukaanza mwamba. Kuanzia pale hakuna njia tena, dada, ni jiwe tupu na vyuma vilivyopigiliwa, na waya mnene unaoushika mkononi ukiwa baridi kama samaki. Mama alikuwa mbele, mimi nyuma, Urban na wenzake wawili nyuma yetu. Kila mama alipokosa pa kuweka mguu niliushika mguu wake na kuuweka. Hilo ni la kweli, halina chumvi. Miguu ile, Polona, myepesi kama ya ndege. Nilikuwa sijaishika tangu lini sijui.

Tukafika Triglav Mdogo. Unapakumbuka. Ndipo unapotoka kwenye mwamba na kuliona bega lile jembamba linalokwenda hadi kileleni, pana kama meza ya jikoni, mahali pengine kama benchi, kulia unaliona jiwe, kushoto unaiona hewa, na chini ya hewa misitu midogo kama ukoka. Na mbele, kule mwisho, kilele chenyewe na kile kimnara cha bati kikimeremeta kama kijiko.

Nikasimama. Nilisema nasimama kukagua mawingu. Hakukuwa na wingu hata la kufungia kidole. Mama alitangulia hatua kama kumi, akasikia waya hautikisiki nyuma yake, akageuka. Mimi nilikuwa nimeukumbatia mwamba kama mtoto wa nyani. Nasikia Urban anauliza kuna nini huko mbele, na mimi nazidi kuukumbatia.

Hapa, dada, ndipo nilipoishia jana kuandika. Nilikunja karatasi nikaenda kukamua ng'ombe ambao walikuwa wamekwisha kukamuliwa. Leo naendelea.

Mimi sijawahi kufika kileleni. Si mara mia na saba, si mara saba, si moja. Mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na minne na shule ilitupeleka, nilifika Nyumba ya Juu, nikatoka nje kujisaidia, nikainua macho nikaliona bega lile kutoka chini. Miguu ikakataa. Tulikuwa arobaini na ukungu ulikuwa unaingia, mwalimu akahesabu vibaya. Nikajificha kwenye banda la kuni. Waliposhuka nikajichanganya nao nikipiga kelele kuliko wote. Jioni ile nyumbani nilikuambia nimechapwa mara nne, kwa sababu ya ushujaa. Ulinionea wivu, nakumbuka, na mwaka uliofuata ulikwenda na ukafika kweli. Mimi nikakucheka kwamba nimekutangulia kwa mwaka mmoja.

Baada ya hapo ilibidi niongeze. Mtu aliyefika mara moja anaulizwa ilikuwaje. Aliyefika mara mia hakuna anayemuuliza, isipokuwa Urban.

Mama akarudi. Alirudi zile hatua kumi juu ya bega lile, amegeuza kichwa upande, akachuchumaa mbele yangu, akanishika kidevu kwa vidole vyenye harufu ya chuma. Akasema kwa sauti ya chini ili Urban asisikie, "Ninajua, mwanangu. Nimejua tangu siku ile."

Nikamuuliza amejuaje. Akasema wenzangu waliporudi kula supu, wote thelathini na tisa waliketi upande mmoja wa tako, wanaguna, wanabadilisha. Mimi peke yangu niliketi sawasawa kwenye benchi la mbao na kuomba bakuli la pili.

Miaka thelathini na tisa, Polona. Amenisikiliza nikisimulia Noeli zote, harusi zote, hata kwenye mazishi ya baba nilisimulia, na yeye ananiongezea mchuzi. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema mwongo mmoja angemsemaje mwongo mwenzake? Mimi nilikuwa nadanganya kwa mdomo, yeye kwa kunyamaza. Na akasema tena kitu ambacho nimekibeba mpaka leo: kwamba kila niliposimulia kileleni kulivyo, hata kama ni uongo, yeye alikuwa anafunga macho na kusikiliza, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumsimulia.

Kisha akaniambia niamke. Nikamwambia siwezi, kushoto hakuna kitu. Akasema, "Mimi katikati sioni, naona pembeni tu. Hiyo unayoiogopa ndiyo sehemu pekee ninayoiona vizuri, na nakuambia ni nzuri sana. Shika mkoba wangu."

Nikaushika. Ndivyo nilivyovuka, dada. Si kwa waya na si kwa vile vyuma. Nimevuka nimeshika mkoba wa kanisani wa mama yangu, macho kwenye vifungo vyake vya shaba, huku yeye akiniambia mguu wa kulia, sasa wa kushoto, kana kwamba ananifundisha kucheza.

Halafu ardhi ikaisha kupanda. Sina maneno, na mimi maneno hayajawahi kunipungukia. Upande mmoja Austria, upande mmoja Italia, chini kabisa ziwa letu kama kioo cha kunyolea, na ng'ambo kabisa, mwisho wa dunia, mstari wa fedha ambao Urban alisema ni bahari yako. Nilitaka kukupungia. Mlima wenyewe hausemi kitu. Umekaa tu, mkubwa, umevumilia watu wote hawa wanaosema wameupanda. Niliuomba radhi kimoyomoyo kwa zile mia na saba.

Kulikuwa na watu wapatao ishirini. Mama akafungua mkoba. Unajua alichotoa? Kamba. Ile ile, ya msumari wa jikoni, nyeusi kwa moshi wa miaka yote, fundo mwishoni. Alikuwa ameiomba kwa yule kijana mwenye hereni. Akainua sauti kama anayewaita watu mezani, akasema, "Mimi ni Rezka, mpishi wa zamani wa Nyumba ya Juu. Leo nimefika mara ya kwanza. Naomba nichapwe kama watu wengine."

Urban alivua kofia akasema Bi Rezka aache utani. Mama akamjibu kwamba amempa chai Urban mara nyingi, na hakuna hata mara moja Urban alipomkuta yeye kileleni, au alimkuta? Urban akafikiri. Ungeuona uso wake ukihesabu. Wote tuliokula supu yake tulikuwa tumempita tukienda juu, na tukamkuta palepale tukirudi, na hakuna mmoja wetu aliyewahi kujiuliza.

Mama akanigeukia mimi akaniwekea kamba mkononi. Urban akasema ndiyo, haki yake Gašper, mzoefu wetu, mwana wake wa kumzaa. Unajua sheria: anayechapa lazima awe ameshachapwa. Watu wakasogea kutazama, mmoja akatoa simu ya kupiga picha, na huyo ndiye aliyempelekea Cilka, naye Cilka hakungoja picha ya pili.

Nilisimama na ile kamba. Mama akashika bati la mnara, akainama, na akaninong'oneza nipige tu, yeye itamtosha. Alikuwa ananifichia, Polona. Hata pale, siku yake mwenyewe, baada ya miaka hamsini, alikuwa tayari kuchukua ubatizo wa bandia ili mimi nibaki na mia na saba zangu.

Nikauona mgongo wake. Lile koti la kijivu ulilomnunulia. Nikafikiri, huyu mwakani hataona tena. Atakachobaki nacho ni siku hii. Nikimpa ya uongo, atakuwa hana kitu.

Nikamnyooshea Urban kamba. Nikamwambia, "Chapa wewe. Ukimaliza mama, uje kwangu."

Urban akaniangalia. Akauliza, "Hii si ya mia na nane?"

Nikamwambia, "Ni ya kwanza."

Nilingoja acheke. Miaka ishirini ameingoja siku hii, na alikuwa na mashahidi ishirini. Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, Urban akamgeukia tu, kicheko kikaisha. Akavaa kofia yake ya kazi, maana huyu mtu anapanda milima na kofia ya posta, akaikunja kamba mara mbili, na kusema kwamba ofisi imefunguliwa, kila mtu apange foleni.

Kwa hiyo sikumchapa mama, dada. Tulichapwa wote wawili, tumeinama bega kwa bega, tumeshika ule mnara wa bati ambao, nakujulisha, ndani umepakwa rangi, na sitamwambia mtu ni rangi gani mpaka aende mwenyewe. Mama alipata tatu nyepesi kama anayepangusa vumbi, na baada ya ya tatu Urban alimbusu mkono. Mimi nilipata tatu pia. Ya kwanza ilikuwa ya desturi. Ya pili ilikuwa ya yule mbuzi wa Noeli. Ya tatu ilikuwa ya Jumamosi zote pale baa, na ninaandika barua hii nimepiga magoti kwenye mto wa kochi.

Watu wakapiga makofi. Chupa ya peasi ikazunguka. Mama aliketi kwenye jiwe, upande mmoja, akaomba nimwelekeze Nyumba ya Juu iko wapi. Nikamgeuza kichwa taratibu mpaka akaipata kwa pembe ya jicho: bati dogo chini kabisa, na moshi unatoka jikoni. Aliitazama muda mrefu. Akanyoosha kidole gumba mbele ya jicho, akaifunika yote, akaifunua, akaifunika tena. Kisha akasema, moshi ule ni mwingi, wanaunguza vitunguu.

Tulishuka salama. Kwenye bega nilishika tena mkoba, sina aibu. Mama magoti yalimuuma siku mbili tu. Lakini mpaka leo, siku ya kumi na tatu, anakaa kwenye benchi upande mmoja, na mimi nimemuona akiwa peke yake anakaa sawasawa. Mgeni akiingia tu anahamia upande, anaguna kidogo, anangoja aulizwe.

Jumamosi nilikwenda baa. Nilidhani nitakuwa kichekesho mpaka nizikwe. Urban aliniuliza swali moja mbele ya wote: juu kukoje? Nikaanza kumsimulia, na ni ajabu, sikuwa na la kuongeza. Nilimaliza kwa dakika tano. Wakaniomba nirudie.

Sasa sikiliza hili la mwisho, maana mama amenisimamia hapa na anataka liandikwe kama alivyolisema. Anasema siku ile uliposhuka ukiwa na miaka kumi na saba, alikupa supu akakuuliza juu kuna nini. Wewe ulidhani anakutania, ukamjibu kwamba ni upepo tu, mama, unajua mwenyewe. Anasema jibu lile alilitumia miaka yote. Kila alfajiri alipowaona watu wakiondoka na yeye anabaki na vitunguu, alijiambia kwamba ni upepo tu. Naye ananiambia nikuandikie hivi: "Polona, upepo upo. Hukunidanganya. Lakini ulinificha mengine yote."

Hajakasirika. Anacheka anavyosema hivyo. Ila anataka uje, kabla ya theluji, ukae jikoni hapa karibu yake upande ambao anaona, umsimulie yako kuanzia mwanzo, pole pole, bila kuruka kitu. Ameniambia mimi ninyamaze siku hiyo, na nimemwahidi. Safari hii niliapa vizuri.

Msalimie shemeji na mgongo wake. Iva na Lenart waambie mjomba wao ana hadithi mpya, ni fupi. Cilka akipiga tena, mwambie picha yake ilikuwa nzuri lakini aliwahi mno. Mama anakutumia jibini na mabusu, na kamba imerudi kwenye msumari wake.

Ni mimi ndugu yako anayekupenda,

Gašper, mara moja.